Hiari Yashinda Utumwa: Kuisoma Histoire d'O Tukiwa Tarime

Upo utani mmoja uliozunguka nchi hii kuliko noti ya shilingi elfu. Unasikika ndani ya mabasi, kwenye kumbi za harusi, redioni, na hata vinywani mwa wasomi wenye shahada: kwamba mwanamke wa Kikurya asipopigwa na mumewe huona hapendwi. Mimi ni mwanamke, ni Mkurya wa Tarime, na kazi yangu ni kufundisha fasihi ya Kiswahili. Nimeusikia utani huo nikiwa mwanafunzi, nikausikia nikiwa mwalimu, na kila mara msemaji hunitazama usoni akitaraji nicheke. Makala hii ni jibu langu. Ninalitoa kwa kupitia riwaya moja ya Kifaransa ambayo wengi wenu hamjaisoma na baadhi yenu hamtapenda kuisoma. Riwaya hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa vilele vya fasihi ya kutawala na kutawaliwa katika mapenzi, na kwa sababu hiyo hasa inatupa mizani nzuri ya kuupimia utani wetu.

Riwaya yenyewe ni Histoire d'O, yaani Kisa cha O. Ilichapishwa Paris mwaka 1954 na Jean-Jacques Pauvert, ikiwa na jina la mwandishi Pauline Réage. Jina hilo lilikuwa la kubuni. Ilipita miaka 40 kabla bibi mmoja mwenye umri wa miaka 86, Anne Desclos, aliyefahamika katika ulimwengu wa vitabu vya Ufaransa kwa jina la Dominique Aury, hajakiri hadharani mwaka 1994 kwamba yeye ndiye aliyeiandika. Kisa chake ni chepesi kusimuliwa na kizito kusomwa. Mwanamke anayetajwa kwa herufi moja tu, O, anapelekwa na mpenzi wake René kwenye jumba moja huko Roissy, na humo anafunzwa kutii: kunyamaza, kuinamisha macho, kupigwa mijeledi, kuwa wa yeyote atakayemtaka. Baadaye René anamkabidhi kwa mwanamume mwingine, Sir Stephen, na O anazidi kuzama hadi anatiwa alama ya bwana wake mwilini, kama ng'ombe wa kwetu atiwavyo chapa.

Nimeisoma katika tafsiri ya Kiingereza. Atakayeifungua akitafuta matusi hatayapata. Lugha yake ni tulivu na nadhifu, karibu na lugha ya kitabu cha sala, na utulivu huo ndio unaotisha. Sitawasimulia yaliyomo kwa undani, maana si shabaha yangu. Shabaha yangu ni jambo lililo nje ya kisa chenyewe, kwenye kurasa za mwanzo, ambazo wasomaji wengi huziruka.

Riwaya hii ina dibaji. Iliandikwa na Jean Paulhan, mhariri na mhakiki mashuhuri, na ni yeye ambaye Desclos alikuwa akimpenda. Alisema mwenyewe kwamba kitabu kizima kilikuwa barua ya mapenzi kwa mtu huyo. Paulhan aliipa dibaji yake kichwa kinachoweza kutafsiriwa Furaha Katika Utumwa. Anaianza kwa kusimulia kisa cha kisiwa cha Barbados mwaka 1838: kwamba Waafrika wapatao 200, wake kwa waume, waliokuwa wameachiwa huru muda si mrefu, walimwendea bwana wao wa zamani wakamsihi awarudishe utumwani, alipokataa wakamuua yeye na jamaa yake, kisha wakarejea vibandani mwao. Kutokana na kisa hicho Paulhan anapanda ngazi hadi kwa wanawake: kwamba hapa hatimaye yuko mwanamke anayesema ukweli ambao wanawake wenzake wameuficha, ukweli kwamba wanatamani kutawaliwa.

Itazameni hoja hiyo, kisha utazameni utani wa basini. Ni hoja moja. Paulhan anasema: mtumwa aliupenda utumwa, na mwanamke anampenda bwana. Abiria wa basi la Musoma anasema: mwanamke wa Kikurya anaipenda fimbo. Mmoja alikuwa na kalamu ya dhahabu na mwingine ana karanga mkononi, lakini wote wawili wamefanya kazi ileile. Wamemchukua mtu aliye chini, wakasema kwa niaba yake kwamba anafurahi huko chini, kisha wakakaa vizuri kitini. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Sisi tuzungumzao Kiswahili hatukuhitaji kungoja Paris ituletee hoja hii. Tunaijua tangu zamani, kwa sababu imesemwa juu ya mababu zetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1897 ikatolewa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria katika Unguja na Pemba, lakini mtumwa ilimlazimu aende mwenyewe barazani kuidai hati yake. Wengi hawakwenda. Mabwana wakasema: mnaona? Wanatupenda, wameridhika. Hawakusema kwamba aliyeiacha nyumba ya bwana aliliacha na shamba alilokuwa akilila, na kibanda alichokuwa akilala, na watu pekee waliomjua. Tena amri hiyo iliwaacha nje masuria, yaani wanawake waliokuwa watumwa wa kitandani. Wao walihesabiwa kama wake, na mlango haukufunguliwa kwao hadi mwaka 1909. Tafakarini hilo, ndugu zangu. Ulipofika wakati wa kuvunja minyororo, mnyororo uliobakizwa kwa miaka 12 zaidi ni ule uliopita chumbani, na sababu iliyotolewa ni kwamba huo haukuwa mnyororo, ulikuwa unyumba.

Wahenga walikwisha kulipa jambo hili neno lake: hiari yashinda utumwa. Methali hiyo haisemi kwamba utumwa ni mbaya, maana hilo kila mtu analijua. Inasema kwamba tendo lilelile, likifanywa kwa hiari na likifanywa kwa shuruti, si tendo moja tena. Mtu atakayebeba mzigo wa rafiki yake na mtumwa atakayebeba mzigo wa bwana wake huonekana sawa kwa anayewatazama kutoka mbali. Tofauti yao iko katika swali moja: je, angeweza kuutua?

Swali hilo ndilo linaloitenga riwaya ya Desclos na dibaji ya Paulhan. Someni kisa chenyewe kwa makini. O ni mpiga picha za mitindo. Ana kazi, ana nyumba yake mjini Paris. Baada ya Roissy anarudi kazini kama kawaida. Anapokabidhiwa kwa Sir Stephen anatakiwa aseme kwa kinywa chake kwamba amekubali, naye anababaika, na kubabaika kwake kunaandikwa. Mwandishi anajua kwamba bila swali na jibu, kisa chake kingekuwa taarifa ya polisi. Hata hivyo hatuongopei kuhusu mwisho: katika mojawapo ya miisho miwili aliyoitaja, O, akiona anaachwa, anaomba afe, na anaruhusiwa. Desclos aliijua bei ya ndoto yake na aliiandika. Na yeye mwenyewe aliishi kwa kazi yake, alikuwa na mshahara wake, alimpenda mtu aliyemchagua, na usiku akashika kalamu akaota alichotaka kuota. Aliyemfikiria O akiwa amefungwa kamba, mikono yake mwenyewe ilikuwa huru ikiandika. Ninaweza kuichukia ndoto hiyo, na kuna kurasa ambazo nilizichukia. Lakini siwezi kusema kwamba haikuwa yake.

Sasa tutoke Paris tuje nyumbani, tulitumie swali lilelile. Je, mwanamke wa Tarime na Serengeti aliulizwa?

Tuanze na mwili wake. Takwimu za kitaifa za afya za mwaka 2015–16 zilionyesha kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 32 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Zile za mwaka 2022 zilionyesha 28. Imepungua, na tunashukuru. Lakini kitaifa mwaka huo wa 2022 ilikuwa 8 kati ya 100. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai yenye kifungo cha miaka 5 hadi 15. Msimu unajulikana: shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka, wazee wa mila wakiamua, ngariba huitwa, ng'oma hupigwa, zawadi huandaliwa, na msichana hutembezwa barabarani akishangiliwa. Mpita njia akimwona amevishwa vizuri na kuzungukwa na shangazi zake wanaoimba, atasema: mbona anafurahi?

Basi watazameni wale wasioonekana barabarani. Watazameni wasichana wanaotoroka nyumbani kwao usiku, kupitia mashamba ya mahindi na mihogo, kwenda Masanga wilayani Tarime ambako masista wa Kikatoliki hupokea wakimbizi wa kisu, au kwenda Mugumu wilayani Serengeti, kwenye Nyumba Salama iliyofunguliwa mwaka 2014 chini ya Rhobi Samwelly. Hawa si wasichana wa Ulaya, wala hawakusoma vitabu vya ukombozi wa wanawake. Ni watoto wa Kikurya, wa Kingoreme, wa Kiikoma, waliozaliwa ndani ya mila ileile ambayo wapiga utani wanadai kwamba wanaipenda. Wanaacha mama, wanaacha sanduku la nguo, wanapita gizani penye fisi, na wanajua kwamba huenda baba hatawapokea tena. Mimi sijui ushahidi mwingine mzito zaidi ya huo kuhusu nini mwanamke wa Mara anakitaka. Watu hawaikimbii raha usiku bila viatu.

Tuje kwenye ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 16, inataka ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanandoa. Kifungu cha 66 kinatamka kwamba, hata kama mila inasema vinginevyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Haya ni maneno ya Bunge letu yenye umri wa zaidi ya nusu karne. Anayesema kwamba kupiga mke ni utamaduni wetu na kukataza ni uzungu, aulize Bunge la Tanzania la wakati huo lilikuwa na wazungu wangapi. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 13, iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na kifungu cha 17 kikaiweka ridhaa mkononi mwa baba yake. Rebeca Gyumi alilipeleka jambo hilo mahakamani. Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaiunga mkono hukumu hiyo mwaka 2019. Na tena sheria ya mwaka 1998, katika tafsiri yake ya ubakaji, ilimweka kando mke anayeishi na mumewe: kukataa kwake hutambuliwa pale tu wanapokuwa wametengana.

Oneni basi kinyume cha kuchekesha, kama kingekuwa cha kuchekesha. Katika riwaya inayoitwa ya utumwa wa mapenzi, mwanamke anaulizwa upya. Katika sheria inayoitwa ya kumlinda, mke ameulizwa mara moja tu, siku ya harusi, na jibu la siku ile linahesabiwa kuwa jibu la kila usiku mpaka kaburini. Na pale ambapo aliolewa kwa ng'ombe waliokwisha kuingia zizini mwa baba, au waliokwisha kutolewa tena kumwolea kaka yake, hata siku ile ya harusi swali lilikuwa lake kwa jina tu. Akitaka kuondoka, ng'ombe watarudishwa na nani? Mlango wa O haukuwa na ng'ombe aliyelala kizingitini.

Ninajua jibu litakaloletwa, maana nimeletewa mara nyingi: "Mwalimu, wanawake wenyewe husema." Ni kweli, husema. Katika uchunguzi uleule wa kitaifa wa mwaka 2015–16, wanawake 58 kati ya 100 walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya zilizotajwa, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanaume waliokubali walikuwa 40. Tafadhalini zingatieni kwamba hizo ni hesabu za Tanzania nzima. Anayetaka kuzifanyia utani auanzie nyumbani kwake, Mkurya amwachie. Lakini jibu la mhojiwa ni kitu gani? Mama ameketi kwenye kigoda, mgeni mwenye karatasi anamuuliza kama mume ana haki. Neno haki hapo lina maana gani? Aliyeishi maisha yake yote chini ya kanuni fulani anapoulizwa kanuni, huitaja kanuni. Kukariri sheria ya nyumba si kuitamani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyekilalia miaka 30 anaweza kukutajia idadi ya kunguni bila kuwapenda hata mmoja.

Sisi watu wa ushairi tulipaswa kulijua hili kuliko wengine, kwa kuwa tuna Utendi wa Mwana Kupona. Utendi huo wa mwaka 1858 hivi, ambao mama aliyekaribia kufa alimwachia binti yake Mwana Hashima, umesomeshwa kizazi baada ya kizazi kama kanuni ya unyenyekevu wa mke. Binti anaelekezwa kumhudumia mume, kumtuliza, kutomchosha. Wanaume wengi wameunukuu kwa furaha. Lakini usomeni tena mkikumbuka ni nani anayesema na nani anayeambiwa. Mama mgonjwa anamwachia mtoto wa kike ramani ya nchi ambamo mwenye ufunguo ni mtu mwingine. Anamfundisha mahali pa kukanyaga. Anayetoa ramani ya mto wenye mamba hajasema kwamba anawapenda mamba. Kuusoma utii wa utendi ule kama ungamo la tamaa ni kurudia kosa la Paulhan kwa herufi za Kiarabu.

Na upande wa pili wa Ziwa letu, Ukerewe, Euphrase Kezilahabi alikwisha kutuonyesha zao la malezi ya fimbo. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, mwaka uleule wa Sheria ya Ndoa. Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, anadhani amejenga utii, na alichokijenga ni msichana asiyejua kukataa, kwa kuwa nyumbani hakuwahi kuruhusiwa kukataa kitu chochote. Anapofika mahali ambapo kukataa kungemwokoa, neno hilo hamnalo kinywani mwake. Ndipo tukafanya nini? Riwaya ikaondolewa shuleni kwa muda, ikisemwa kwamba inaharibu maadili. Fimbo ya Zakaria haikuondolewa popote.

Hapa nageukia kundi la pili ninalogombana nalo, maana nisingependa wadhani nipo upande wao. Wapo watakaosema: tangu mwanzo mwalimu angesema kwamba vitabu hivi ni uchafu wa kigeni, tukamaliza. Hapana. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa kuvunja maadili. Kuwachagulia watoto vitabu ni wajibu wa kila taifa, wala simpi mtoto Histoire d'O. Ninalolikataa ni imani kwamba kutawaliwa kwa mwili wa mwanamke ni ugonjwa unaoingia nchini kwa njia ya karatasi. Mjeledi wa Roissy haukuvuka mpaka wa Sirari. Tuliyo nayo Tarime tuliyatengeneza wenyewe, kwa mti wa kwetu, na aliyekuwa nayo hajapata kusoma ukurasa mmoja wa Kifaransa.

Wala si kweli kwamba mazungumzo ya mwili ni ugeni kwetu. Pwani kuna unyago, ambamo mwari hufunzwa mambo ya chumbani waziwazi kuliko riwaya nyingi za Ulaya. Kuna kanga zenye mafumbo, kuna taarabu. Bi Kidude alikuwa mwalimu wa unyago, akaheshimiwa na dunia nzima. Bara nako nyimbo za harusi hazijawahi kuona haya. Tatizo letu kamwe halikuwa kukosa maneno ya tamaa. Tulilolikosa ni desturi ya kumuuliza mwanamke, na kungoja ajibu.

Labda lugha yenyewe imetusaidia kutokuuliza. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Yeye ni mtenda, mwenzake ni mtendwa. Kiambishi kidogo cha -w- kimebeba jadi nzima. Ukiongeza vitenzi vingine anavyopewa msichana wa kwetu, unapata wasifu wake: alikeketwa, akatolewa mahari, akaolewa, akapigwa. Hakuna hata kitenzi kimoja ambamo yeye ni mtenda. Mpiga utani anaitazama orodha hiyo ya vitenzi vya kutendwa, kisha mwishoni anambandika kitenzi kimoja tu cha kutenda: anapenda. Huyo mtu ambaye sarufi nzima imemnyima nafasi ya kutenda, ghafla amekuwa mtenda, na tendo lake la kwanza na la mwisho ni kuipenda fimbo. Hata kwa kanuni za sarufi, ndugu zangu, hilo ni jambo la kutiliwa shaka.

Lakini Mara ina ajabu yake, nayo inawaumbua wapiga utani. Kwa Wakurya ipo ndoa iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke mwenye mali, mara nyingi mjane au asiyejaliwa mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe na kuoa mwanamke mwingine. Watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake. Narudia: mwanamke huoa. Katika wilaya hizihizi zinazotajwa kama ngome ya mfumo dume, kitenzi hicho kimemkubali mwanamke kwa vizazi vingi bila sarufi kuvunjika. Na siku hizi wapo wanawake wanaoeleza kwamba wanaichagua nyumba ya namna hiyo kwa sababu humo hakuna mume wa kuwapiga, na mwanamume wa kuzaa naye wanaweza kumchagua. Sisemi kwamba nyumba ntobhu ni pepo. Mke kijana anaweza kunyanyaswa humo pia, na ng'ombe ni ng'ombe. Ninachosema ni kwamba mwanamke wa Kikurya alipopata upenyo wa kuchagua ndani ya mila yake mwenyewe, hakuchagua fimbo.

Kwa hiyo namwomba mhakiki na mshairi wa Kiswahili mambo mawili. La kwanza, tusiiogope fasihi ya tamaa, hata ile ngumu inayozungumzia kutawaliwa. Watu wazima wana ndoto zao, na ndoto ya mtu aliye huru ni mali yake. La pili, kila tukutanapo na mwanamke anayetii, ukurasani au uani, tusikimbilie kuandika kwamba anafurahi. Tuulize kwanza: aliulizwa? Angesema hapana, angelala wapi usiku ule? Na ng'ombe wangedaiwa kwa nani? Swali hilo likijibiwa vizuri, kisa kinaweza kuitwa cha mapenzi hata kama kina kamba. Likikosa jibu, kisa hicho si cha mapenzi hata kama kina pete, mchungaji na keki ya ghorofa tatu.

Na wewe mpiga utani, utakayekutana nami tena kwenye basi la Musoma, unisikilize. Sisemi kwamba kila mume wa Kikurya hupiga. Nina baba, nina kaka, na nina mume, ninajua. Nasema kwamba kicheko chako kina kazi. Kinamwambia anayepiga kwamba anapendwa, na kinamwambia anayepigwa kwamba hakuna atakayemwamini. Jumba la Roissy ni la kubuni. Kicheko chako kinasikika hadi uani kwa mtu halisi. Nawaachia beti mbili, kwa ada ya ukumbi huu.

Msinambie apenda, mwanamke kuonewa,
Fimbo haijengi nyonda, na penzi ni kuridhiwa,
Aliyezuiwa kwenda, hiari hajagaiwa,
Ridhaa si kunyamaa, ridhaa ni kusikiwa.

Wasichana waondoka, usiku wakitishiwa,
Mugumu wakaifika, mlango wakafunguliwa,
Miguu imetamka, na swali limejibiwa,
Ridhaa si kunyamaa, ridhaa ni kusikiwa.